Naandika insha ya usawa, na nyumbani kwetu hatuko sawa

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 23, niko mwaka wa tatu chuo kikuu, nasoma historia na sayansi ya siasa. Najua wengi wanaokuandikia wana matatizo ya ndoa na wakwe. Langu ni la insha. Usinicheke.

Tumepewa kazi ya maneno 4,000 yenye alama nyingi muhula huu. Mada ni usawa na utambulisho wa taifa, kila mtu achague nchi yake. Wenzangu wamekimbilia Ufaransa na Marekani kwa kuwa vitabu vipo tele. Mimi nikachagua kwetu, nikijua nitamaliza kwa wiki moja. Nani asiyeijua hadithi yenyewe? Azimio la Arusha, 5 Februari 1967. Binadamu wote ni sawa. Viongozi wakakatazwa mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Tukaitana ndugu, tukaongea Kiswahili, tukasahau makabila, tukawa Watanzania. Mpango wangu ulikuwa na sehemu tatu: Azimio, Kiswahili, shule. Hitimisho nilishaliandika kabla hata ya utangulizi.

Mhadhiri akanirudishia mpango wenyewe na maandishi ya wino mwekundu pembeni: "Hii ni historia ya chama. Hoja yako iko wapi?" Nililia kidogo, sikufichi.

Nikaenda nyumbani Morogoro siku nne kutuliza kichwa. Baba ana miaka 65, ni mwalimu mstaafu, wale wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Alimaliza darasa la saba kwao Singida, mwaka 1977 akachukuliwa kufundisha akiwa na miaka 17, akajifunza ualimu huku anafundisha. Nilipomsomea mpango wangu alifurahi mpaka akazima redio. "Mtoto wa mchunga mbuzi, hana viatu, anapewa chaki," akasema. "Nchi gani nyingine ingefanya hivyo? Andika hilo." Nikaandika.

Usiku mama akaja chumbani. Mama kwao ni Njombe. Akaniambia jambo ambalo siku zote alikuwa akiligusa na kuliacha. Mwaka 1974, yeye akiwa na miaka minane, walikuja watu na gari wakaambiwa wahame, waende kijijini. Mahindi yalikuwa bado shambani. Paa la nyumba likashushwa ili wasirudi. Bibi akaung'oa mlango, akaubeba kichwani. Mama akabeba kuku. Wakalala wiki mbili chini ya mti, mahali ambapo kijiji chenyewe kilikuwa ni vijiti vilivyochomekwa ardhini kuonyesha viwanja. Bibi yupo, ana miaka 82, anaishi kijiji hichohicho, mama alisomea shule ya pale, na ule mlango ndio wa jikoni kwake hadi leo. Sijui nimeupita mara ngapi.

Asubuhi nikamwuliza baba. Akasema ni kweli operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilikuwa na makosa ya watendaji, lakini nisiyaandike, "utawapa watu fimbo ya kumpigia Mwalimu Nyerere." Mama akaendelea kuchambua mchele kama hakusikia. Tangu siku hiyo wanaongea kwa kupitia mimi.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna jingine. Nyumbani kuna binti anayetusaidia kazi, ana miaka 19. Ni mjukuu wa binamu yake baba, alikuja kutoka Singida alipomaliza darasa la saba. Hatumwiti dada wa kazi, baba hataki kabisa, anasema huyu ni mtoto wetu. Na kwa kuwa ni mtoto wetu, hana mshahara. Hununuliwa nguo Krismasi na hupewa nauli akienda kwao. Huamka saa kumi na moja alfajiri. Jioni moja alikuwa anadeki nyuma yangu, akasimama, akasoma kwenye kompyuta sentensi niliyoipenda kuliko zote, ile inayosema Tanzania ilijenga taifa la watu wanaoitana ndugu. Akaniuliza, "Dada, na mimi nimo humo?" Hakuuliza kwa ubaya, alikuwa anacheka. Nikamwambia ndiyo, umo. Tangu hapo sijaandika hata mstari mmoja.

Zimebaki wiki tatu nikusanye kazi. Nikiandika kwamba taifa letu lilijengwa juu ya usawa, namuuza bibi. Nikiandika kwamba usawa yalikuwa maneno matupu, namuuza baba. Rafiki yangu tunayekaa chumba kimoja ananiambia nihamie Sweden, "huko hakuna baba yako." Je, habari za nyumbani zinaingia kwenye insha ya chuo? Na huyu binti nimfanyeje?

Ni mimi, Njia Panda, Morogoro.

*

Marahaba, binti yangu.

Sikukucheka. Nilipofika kwenye mlango wa bibi niliiweka barua chini, nikaenda kuchemsha chai, nikarudi kuisoma upya.

Umefunga mambo mawili kwenye khanga moja. Kuna insha iliyokosa hoja, na kuna nyumba ambayo kila aliyemo amenyamaza kwa sababu zake. Yamekujia wiki moja, ndiyo maana unayaona kama jambo moja, na kweli yanagusana. Lakini la kwanza lina siku ya kukusanya na la pili halina. Ukitaka insha ikumalizie ya nyumbani utaitwisha mzigo ambao maneno 4,000 hayawezi kuubeba. Basi tuanze na lenye tarehe.

Unaniambia ukisema hivi unamuuza bibi, ukisema vile unamuuza baba. Umefika hapo kwa kuamini kwamba wanapingana. Hebu rudia walichosema. Baba anasema alipewa. Bibi, kwa kinywa cha mama, anasema alinyang'anywa. Hakuna aliyemwita mwenzake mwongo. Hata baba, pamoja na hofu yake, amekubali kwamba yalitokea. Kisichoweza kuwabeba wote wawili ni lile hitimisho uliloliandika kabla ya utangulizi. Sasa wewe unajaribu kuwapunguza watu wakae ndani ya sentensi.

Tazama mwaka, mwanangu. Mama alibeba kuku 1974. Novemba ya mwaka huohuo Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, ambayo awali ilipangwa ifikiwe 1989, ifikiwe 1977. Miaka kumi na miwili ikafutwa kwa kikao kimoja. Walimu watoke wapi? Vyuo havikuweza kutoa wa kutosha, ndipo wakachukuliwa vijana wa darasa la saba wafundishe huku wakifundishwa. Mmoja wao ni baba yako. Na shule zijengwe wapi? Vijijini. Hiyo ndiyo hoja waliyoambiwa watu wakati wa kuhamishwa: serikali haiwezi kupeleka shule, zahanati na bomba la maji kwa kaya zilizotawanyika porini, kila moja na kilima chake. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Walihamishwa watu kwa mamilioni.

Kwa hiyo chaki ya baba na mlango wa bibi vilitoka kwenye mpango mmoja, vikapishana miaka mitatu. Na kuna jambo umelitaja nusu sentensi ukalipita: mama yako alisomea shule ya kijiji kile. Aliyebeba kuku ndiye aliyekalia dawati. Ningekuwa mimi ndiye mhadhiri wako, wino wangu mwekundu ungezungushia hapo.

Sisemi shule ililipa mlango. Huenda swali zuri zaidi liko kabla ya hapo: ililazimu? Septemba 1967, miezi saba tu baada ya Azimio, Nyerere aliandika kuhusu ujamaa vijijini akasisitiza kwamba watu wajiunge kwa hiari, kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuwa mjamaa. Kule Ruvuma vilikuwepo vijiji vya hiari, Litowa kikiwa maarufu kuliko vyote, chini ya chama cha maendeleo cha wakulima wenyewe. TANU ikakivunja chama hicho 1969. Kutoka hiari ya 1967 hadi amri ya 1973 ni miaka sita. Kilitokea nini katikati? Hilo ni swali la mtu wa chuo kikuu. "Je, tulikuwa sawa au hatukuwa sawa" ni swali la kijiweni, na pale kijiweni halijawahi kwisha.

Sasa nikubane kidogo kwenye neno lenyewe. Umeandika usawa barua nzima kana kwamba maana yake ni moja. Usawa wa baba ni wa nafasi: mtoto wa mchunga mbuzi naye apewe chaki. Masharti ya uongozi ya Azimio yalihusu mali, aliye juu asiruke mbali mno. Halafu kuna usawa wa heshima, ambao nadhani ndio bibi aliukosa siku ile, maana hakuna aliyemuuliza. TANU yenyewe iliujua huo wa tatu. Mwongozo wake wa 1971, ibara ya 15, uliwakataza viongozi kiburi, dharau na uonevu kwa wananchi. Wafanyakazi wa viwandani wakaisoma ibara ile kwa makini kuliko walioiandika, wakaanza kuwagomea mameneja waliowatukana, na migomo ikaendelea hadi 1973 serikali ilipokaza mkono. Ona mwaka tena: 1973, mwaka wa ile amri ya vijiji.

Mimi nilikuwa kijana wakati huo. Nilipomaliza kidato cha sita nilikwenda Jeshi la Kujenga Taifa kama wenzangu wote. Tulinyolewa sote, tukavaa magwanda ya namna moja, tukalima bega kwa bega na mabinti wa wakubwa, na nakuambia kweli nilijisikia Mtanzania kuliko siku yoyote kabla au baada. Siku ya kumaliza, sisi tulipanda lori. Wenzetu wachache wakafuatwa na magari. Hakuna aliyelizungumzia. Nimebaki na yote mawili, ile furaha na yale magari, na sijawahi kuona sababu ya kutupa mojawapo.

Lakini neno linalonisumbua zaidi kwenye barua yako si usawa. Ni ndugu. Hatukuchagua kujiita taifa la watu sawa, tulichagua ujamaa, na ujamaa umetoka kwenye jamaa. Sasa familia ni mahali pa usawa? Wewe umelelewa kwenye familia, unajua. Kuna mkubwa na mdogo, kuna anayeongea na anayechambua mchele. Barua yako imeanza na shikamoo, nami nikaitikia marahaba, na sidhani kama kuna aliyeumia. Unaweza hata kunijibu kwamba shikamoo ina usawa wake, kwa sababu inahesabu miaka na haihesabu fedha. Tajiri wa miaka arobaini anatakiwa ampe mlinzi wake wa miaka sitini. Anatakiwa. Kasimame kwenye geti la ofisi yoyote kubwa asubuhi uhesabu wangapi wanaitoa. Na ukiwa hapo sikiliza "Mheshimiwa" inavyotamkwa, neno lililokuja kuisukuma "Ndugu" kando mara tulipoingia vyama vingi 1992, mwaka mmoja baada ya chama kulegeza masharti ya uongozi kule Zanzibar.

Neno ndugu lilimpa mnyonge haki ya kudai: sisi ni ndugu, mbona unakula peke yako? Neno hilohilo likampa mkubwa haki ya kuamua: mimi ndiye baba wa nyumba hii, nasema hameni. Na yule binti wa kwenu, "ni mtoto wetu," kwa hiyo anakaa mezani kwa jina na halipwi kwa sababu ya jina hilohilo. Sidhani baba yako ni mnafiki. Nadhani anasema kwa moyo mweupe sentensi ambayo taifa lilimfundisha, yenye pande zote mbili, naye amekaa upande unaopata.

Njia zipo kadhaa, na hakuna isiyo na miiba.

Unaweza kuuchukua mwaka 1974 peke yake, Musoma na operesheni, ukaonyesha jinsi usawa wa nafasi ulivyojengwa kwa kuuvunja usawa wa heshima. Mimi, kwa tabia yangu ya kupenda vitu vidogo, ningevutwa huku. Hatari yake ni kwamba familia moja ya Njombe haithibitishi nchi nzima. Utahitaji magazeti ya wakati ule, Uhuru na Daily News, na utahitaji kukiri kwamba mikoa haikufanana, maana Kilimanjaro ambako watu walikwisha kubanana kwenye vihamba hawakuhamishwa kama Singida na Iringa. Pia useme wazi kwamba unaongelea Bara. TANU haikuwa Zanzibar; kule kulikuwa na chama cha Afro-Shirazi (ASP) na mapinduzi yake ya 1964, hadi vyama vilipoungana 1977. Ukiandika "Tanzania" kwa ulegevu, mhadhiri atakuchana hapo, na atakuwa na haki.

Au ulifuate neno ndugu na kuuliza lilikuwa linamhesabu nani. Oktoba 1961, kabla hata ya Uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uangalie rangi. Nyerere akawapinga kwa ukali, na uraia ukapita bila kutaja rangi. Miaka kumi baadaye, Aprili 1971, serikali ikatwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria haikutaja rangi hata kidogo, ila wengi wa wenye majengo walikuwa Wahindi, na wengi wao waliondoka nchini. Je, aliyetwaliwa nyumba Dar es Salaam na bibi yako aliyeshushiwa paa Njombe wangeelewana? Lingekuwa swali zuri. Lakini neno ni kama maji, ukilifuata bila kingo litasambaa, na maneno 4,000 yataisha ukiwa bado kwenye utangulizi.

Rafiki yako naye alikuwa anatania, lakini ametupa jiwe karibu na shabaha. Mwaka 1928 Per Albin Hansson, aliyekuja kuwa waziri mkuu, aliwaelezea Waswidi taifa lao kama nyumba, nyumba ya watu wote, ambayo haina mtoto kipenzi wala mtoto wa kambo. Husikii jirani wa ujamaa hapo? Na nyumba hiyohiyo mwaka 1934 ikatunga sheria ya kuwafunga uzazi watu walioonekana hawafai kuzaa, sheria zilizodumu hadi miaka ya 1970. Hata uhusiano wenyewe si wa kutunga: kituo cha elimu cha Kibaha kilianza 1963 kwa mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, Sweden ikiwemo. Nyumba mbili zilizojiita familia, ukiziweka ubavu kwa ubavu, zinaweza kuamshana. Ninachoogopa ni wiki tatu. Na ninaogopa, samahani kwa kusema hivi, kwamba utakwenda kujificha huko. Kweli hakuna baba yako Sweden, lakini mhadhiri ataona kwamba umeandika ukiwa umegeuza uso.

Kuhusu habari za nyumbani kuingia kwenye insha: kumwuliza mzee aliyeona ni kazi halali ya mwanahistoria, na masimulizi ya mdomo yana taratibu zake. Mwulize mhadhiri anataka idhini ya namna gani na jina lifichwe vipi. Lakini kabla ya mhadhiri yupo bibi. Mama amekusimulia lake, alivyoliona akiwa na miaka minane. La bibi hujalisikia. Huenda atalisimulia tofauti, wazee wengi husimulia uhamisho kwa kicheko kinachokuacha hujui ushike wapi. Huenda atasema hataki. Mwaka 1974 hakuna aliyemuuliza. Ukimuuliza wewe sasa, uwe tayari kupokea "hapana" na kuondoka nayo. Insha inaweza kusimama bila mlango wake.

Baba anaogopa fimbo ya kumpigia Mwalimu. Usimdharau kwa hilo. Kwa mtu wa rika lake yule si picha ya ukutani tu, ni sababu ya yeye kuwa yeye. Pengine itamsaidia kukumbuka kwamba 1977, mwaka uleule aliposhika chaki, Nyerere aliandika tathmini ya miaka kumi ya Azimio akakiri hadharani kwamba Tanzania haijawa ya kijamaa wala ya kujitegemea. Mwenyewe alishika fimbo hiyo. Siahidi kwamba baba atalainika. Anaweza kukujibu kwamba Mwalimu kujisema ni jambo moja, na binti wa miaka 23 kumsema ni jingine, na hapo mtakuwa mmerudi kwenye shikamoo.

Halafu kuna jambo dogo nalitamani. Umenieleza baba alianza kazi 1977, hukunieleza wapi. Na kwao Singida kulikuwa na operesheni pia mwaka 1974, yeye akiwa na miaka 14. Yeye alilala chini ya mti gani? Au kwao ilikuwaje? Mwulize kijiji chake cha kwanza cha kazi kiliitwaje, na watu wa pale walikuwa wametoka wapi. Usimwulize kama mwendesha mashtaka. Walimu wa UPE wanapenda kusimulia shule zao za kwanza, madawati ya matofali, watoto tisini darasani. Kama kuna mlango, utaufikia mwenyewe kwenye simulizi.

Sasa huyu binti, ambaye hukumpa jina hata la bandia, na mimi sitampa. Naomba usimtumie kwenye insha. Ni mfano mzuri mno, ndiyo maana unashawishi. Lakini atakuwa amekufanyia kazi nyingine tena bila malipo. Ukiona lazima aingie, basi ajue, na akubali akiwa anaelewa kinachoandikwa.

Lake la kweli liko kwenye mshahara na kwenye saa kumi na moja alfajiri. Sheria ya nchi inaweka kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wa majumbani, na haisemi undugu unakifuta. Hilo ulijue, ila usilipeleke mezani kwa baba kama bomu. Nimeona nyumba ambazo mtoto msomi alirudi likizo akatoa hotuba ya haki, wazazi wakakasirika, na aliyepanda basi kurudi kijijini hakuwa mtoto msomi. Mwanzo wa yote ni kumwuliza yeye anataka nini. Huenda anataka fedha mkononi. Huenda anataka cherehani, au kurudi shule, au kwenda kwao tu. Huenda anakaa kwenu kwa hesabu zake mwenyewe ambazo wewe huzijui. Wewe uko chuoni miezi mingi kwa mwaka, mama ndiye anayeishi naye. Pengine mama ni mlango mwepesi kuliko baba, na pengine ana maoni yake aliyoyachambua pamoja na ule mchele. Ulimjibu binti "ndiyo, umo." Huwezi kulifuta, ila hakuna kinachokuzuia kurudi kwake ukamwambia kwamba siku ile ulijibu haraka.

Wiki tatu zinatosha, usijitishe. Kabla ya kuandika chochote kirefu, mpelekee mhadhiri aya moja yenye swali moja na mwaka mmoja, umwone anaandika nini pembeni. Lile hitimisho la zamani usilifute. Lihamishie faili jingine, linaweza kukufaa kama kauli ya kujibizana nayo.

Nami usiniache hivihivi. Ukishajua kile kijiji cha kwanza cha baba, niandikie jina lake.

Mama yako.